Kifaru Namba Moja

Kilikuwa kimoja tu.
Hilo lijulikane kwanza.
Kimoja, cha chuma cha milimita sita,
na namba yake ilichorwa kwa brashi, kwa rangi ya kuta za shule,
maana rangi ya jeshi ilikuwa bado haijafika Kisumu.

Baba alichomelea mshono wa kushoto.
Wa kulia ulikuwa wa Nyandiga, marehemu,
aliyebishana wiki nzima juu ya jina.
"Kifaru haogelei," alisema. "Mkitaka wa majini, semeni kiboko."
Wahandisi wakacheka
na kuandika jina walilokuja nalo.

Viboko wenyewe walikuwepo siku ile, pale Dunga,
masikio nje ya maji,
wakimtazama mgeni akisukumwa ziwani na trekta la miwa.

Kiliteremka. Kikaelea.
Dakika ya kwanza, vigelegele.
Dakika ya nne, muuza omena mmoja akauliza
kama kinaweza kubeba magunia.
Dakika ya tisa kikaanza kulala upande
kama mtu anayesikiliza kwa sikio moja,
la kushoto.
Dakika ya kumi na moja palibaki gugumaji,
na kofia ya Koplo Wekhuyu,
na baadaye, Mungu ni mkubwa, Koplo mwenyewe
akilitapika ziwa.

Baba hakuulizwa kitu. Hilo ndilo lililomla.
Wahandisi walikunja michoro, wakalipa trekta,
wakapanda basi la usiku.
Miaka thelathini na miwili
amepitisha kidole gumba kwenye kila ukingo:
wa sufuria, wa lango la kanisa, wa jeneza la Nyandiga,
akitafuta tundu la sindano.

Leo ameketi kwenye kreti la soda
ndani ya chumba changu cha michezo, Kondele,
shilingi hamsini kwa saa, mjukuu bure.
Kwenye kioo: kambi, kiwanda,
mto wa buluu usionuka samaki.
Lameki anabofya. Sarafu mia na ishirini.
Sekunde nane tu, na kifaru chepesi,
cha nchi kavu na majini,
kinatoka kiwandani, rangi imeshakauka.
Anabofya tena. Tena.
Vinatoka kama mikate.

"Nani anachomelea?"
"Hakuna, babu. Vinatoka tu."
Baba akanyamaza
muda wa vifaru vitatu kufa.

Juu ya kila kimoja unaning'inia mstari mdogo, wa kijani.
Kikipigwa, unakuwa wa manjano, halafu mwekundu.
"Ndiyo unajua kimebakiza nini," Lameki akaeleza,
mdomo umejaa karanga.

Hapo baba aliinuka.
Akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
"Mstari," alisema. "Hawa wana mstari."
Mimi nilijifanya nahesabu sarafu za kweli.

Usiku, nimeshafunga, nikarudi kuchukua chaja.
Taa imezimwa, kioo kinawaka.
Mkono wake wenye makovu ya cheche
ulikuwa juu ya kipanya kama mtu aliyefunika kifaranga.
Alikuwa ameunda kimoja.
Sarafu elfu nne zimelala bila kazi,
adui anabomoa kambi upande wa kaskazini,
naye hana habari.

Alikiteremsha majini. Kijani.
Akakirudisha ufukweni, akakizungusha,
akakikagua ubavu wa kushoto
kwa kidole, juu ya kioo, taratibu.
Akakiteremsha tena, akakiacha katikati ya mto,
kimesimama, bila amri yoyote.

Midomo yake ilikuwa ikihesabu.
Sikuuliza. Nilivuta kreti, nikaketi.
Tulikuwa kwenye dakika ya sita.